Kobe wako anayezunguka kutwa nzima hafanyi mazoezi

WAHENGA walisema kobe akiinama ujue anatunga sheria. Hawakutuachia neno kuhusu kobe ambaye hainami wala hatulii, anayetembea kando ya ukuta kutoka asubuhi hadi jioni kama askari wa zamu.

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo alipata kobe wa aina hiyo. Jamaa anaishi orofa ya tatu katika ploti moja Kahawa West, chumba kimoja na balkoni ndogo ya kuanikia nguo. Mwezi Machi mwaka jana, akirudi kutoka kazi ya siku mbili Kajiado, aliona kijana kando ya barabara ameshika kobe mkubwa kama sufuria ya ugali wa watu sita. Wakaelewana bei. Kobe akapanda matatu ndani ya katoni ya mkate, akashuka jijini, akabebwa ngazi kwa ngazi hadi juu. Kufikia usiku alikuwa ameshapewa jina: Kipchoge.

Jina lilimfaa. Tangu asubuhi ya kwanza Kipchoge hakutulia. Alitoka kona moja ya balkoni hadi nyingine, akageuka, akarudi. Akifika kwenye vyuma vya ukingo anachomeka kichwa katikati na kusukuma, miguu ikikwaruza vigae, gamba likigonga chuma ko, ko, ko. Anapumzika kidogo, anaanza tena.

Rafiki yangu alimrekodi, akapachika wimbo wa mbio, akaweka kwenye status ya WhatsApp: “Kipchoge kwa zoezi. Marathon iko karibu.” Tulicheka sana. Mimi mwenyewe nilimtumia vikatuni vitatu vya kucheka.

Sijivunii hilo. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba tulikuwa tunacheka mnyama aliye taabani, na kwamba kila alichokuwa akifanya pale balkoni kilikuwa na sababu.

Kutembea ni kawaida, kuzunguka si kawaida

Tuanze kwa kuondoa dhana moja. Kobe si mnyama mvivu. Polepole ndiyo, mvivu hapana. Wengi wanaofugwa kimyakimya katika mitaa yetu ni kobe chui, wale wenye gamba la manjano lenye madoa meusi. Porini, kobe huyu huamka, huota jua hadi mwili upate moto, kisha huanza safari ya kutafuta majani. Katika msimu mmoja anaweza kuzurura eneo la ekari nyingi, na akikomaa anaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 10.

Kwa hivyo ukimwona anatembea uani, anasimama kunusa, anang’ata nyasi, anaingia kivulini, anatoka tena, usiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo siku yake.

Tatizo ni pale anapofuata mstari uleule, ukingo uleule, saa baada ya saa. Hasimami kula hata chakula kikiwa mbele yake. Anajaribu kupanda ukuta hadi anaanguka chali. Anasukuma kona moja kwa pua hadi pua inachubuka. Anachimba mahali pasipochimbika. Kipimo rahisi ni hiki: mweke majani anayoyapenda njiani. Akisimama na kula, huenda anatembea tu. Akiyakanyaga na kupita, kuna jambo.

Tabia hii imewashughulisha wataalamu wa wanyama kwa miaka mingi. Wengi wetu tumeona simba au chui kwenye kizimba akienda na kurudi pale kwenye wavu. Mwaka wa 2003, watafiti Ros Clubb na Georgia Mason wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walilinganisha wanyama wala nyama walio kizuizini na maisha ya wenzao porini. Wale ambao porini huzurura maeneo makubwa zaidi ndio waliopata shida zaidi kizuizini, ikiwemo kuzungukazunguka na kufiwa na watoto.

Kobe si simba, na utafiti ule haukumhusu. Ila hata kwa reptilia, wataalamu kama mwanabiolojia Clifford Warwick wa Uingereza wameandika kwa miaka mingi kwamba mnyama anayesukumana na kioo au wavu muda wote anaonyesha dalili ya msongo. Shida ni kwamba kobe hana sauti ya kubweka wala kulia. Uso wake haukunji. Lugha aliyo nayo ni miguu.

Ukuta asiouelewa

Sababu ya kwanza ndiyo rahisi kutatua. Kobe akiona mwanga, mti au nafasi upande wa pili, kichwani mwake hiyo ni njia. Haelewi kioo, na haelewi kwamba pengo la vyuma linaloingiza kichwa haliwezi kuingiza gamba. Atasukuma leo, kesho na keshokutwa.

Na usidhani anasukuma kwa kuwa ni mjinga. Mtafiti Anna Wilkinson, ambaye amefanya kazi kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, pamoja na wenzake walimjaribu kobe mwenye miguu myekundu aitwaye Moses kwenye njia za kuchanganya zenye matawi manane, kila tawi likiwa na chakula mwishoni. Moses alijifunza kutorudia matawi aliyokwisha kuyamaliza. Katika jaribio jingine lililochapishwa mwaka wa 2010, kobe walioshindwa kuzunguka ua kufikia chakula walijifunza kufanya hivyo baada ya kumtazama mwenzao aliyefunzwa. Kwa hivyo huyo unayemwona akigonga chuma ni mnyama mwenye kumbukumbu ya njia na mahali. Tatizo ni kwamba umemweka penye njia ambayo haipo.

Dawa yake ni kuziba. Chukua mbao, bati au matofali, uzibe sehemu ya chini ya wavu au kioo hadi juu zaidi ya kimo chake anaposimamia miguu ya nyuma. Asipoona nje, wengi hupunguza kusukuma ndani ya siku chache. Kwa aliye balkoni kuna sababu nyingine ya kuziba: kobe hajui orofa ya tatu ni nini, na gamba si helmeti. Ni mfupa hai wenye damu na neva. Ndiyo maana pia kulitoboa ili kupitisha kamba, kama wafanyavyo watu wengine, ni ukatili mtupu.

Rafiki yangu aliziba kwa vipande vya mbao kutoka kwa fundi wa vitanda aliye chini ya ploti. Kipchoge alitulia siku mbili, kisha akarudi barabarani.

Jua, baridi na sakafu ya moto

Mwili wa kobe hautengenezi joto lake kama wetu. Hulipata kwa kuhama: juani akihisi baridi, kivulini akihisi moto. Ukimnyima mahali pa kuhamia, atahama bila kufika.

Hapa Nairobi kosa linafanyika pande zote mbili. Januari na Februari, balkoni inayotazama magharibi huwa kikaango kuanzia saa nane mchana. Vigae vinachoma, kivuli hakuna, na kobe anayekimbia pale anatafuta mahali pa kuokoa maisha yake. Akianza kutoa povu mdomoni, au kuhema mdomo wazi, hali ni mbaya tayari. Halafu inakuja Julai yetu ya mawingu na koti, ambapo siku inapita bila jua la kumpasha mtu. Kobe chui si wa kulala usingizi mzito wa miezi kama wenzake wa nchi za theluji. Anahitaji joto siku zote za mwaka, la sivyo atatangatanga kwanza, kisha ataishiwa nguvu, aache kula na apate kamasi za mapafu.

Kinachosaidia ni kumpa uchaguzi. Upande mmoja uwe na sehemu yenye joto la nyuzi 32 hadi 35, upande mwingine kivuli na baridi kiasi, na boksi au pango la kujificha. Kipimajoto ni kitu cha bei nafuu. Usikisie kwa kiganja chako.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: jua linalopitia dirishani halitoshi. Kioo cha kawaida huzuia miale ya UVB, na bila miale hiyo kobe hatengenezi vitamini D3 ya kumwezesha kutumia kalsiamu. Gamba hulegea, miguu hupinda. Mwenye kufungiwa chumbani akikimbilia sehemu ile ya jua sakafuni na kugonga kioo, anafuata kitu anachokihitaji na ambacho hawezi kukipata pale.

Tumbo, kiu na jirani mbabe

Kobe chui ni mla nyasi. Asili yake ni majani makavu na mabichi, magugu, na hata dungusi kakati, ambayo kule Laikipia kobe hawa huyala matunda yake. Nyumbani kwetu anapewa nini? Mabaki ya ugali, mkate, ndizi, kabichi kila siku, wengine hata maziwa. Tumbo linavurugika, na kobe mwenye tumbo lililofunga au linalouma huweza kutembea bila utulivu akikaza miguu ya nyuma. Mpe nyasi ambazo hazijapuliziwa dawa, majani na maua ya haibiskasi, magugu ya kando ya shamba. Sukuma wiki si sumu, ila isiwe chakula chake pekee. Parachichi usimpe kabisa.

Maji pia. Sahani bapa anayoweza kuingia bila kuzama, na mara kwa mara umwogeshe kwa maji vuguvugu yasiyopita kidevu, robo saa hivi. Wengi hunywa wakiwa ndani ya maji, na haja hutoka hapohapo. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni. Kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonella bila kuumwa yeye mwenyewe, na anayeugua ni mtoto mdogo wa hapo nyumbani.

Ukiwa na kobe wawili, tazama nani anamfuata nani. Dume huzunguka sana akitafuta jike, hasa msimu wa mvua. Humgonga kwa gamba, humng’ata miguu, humfuata kutwa. Madume mawili hupigana hadi mmoja anageuzwa chali. Anayezunguka ukingoni mara nyingi ni yule anayetafuta mlango wa kumkimbia mwenzake. Kwa hivyo ule ushauri wa mtaani kwamba “mnunulie mwenzake, ako lonely” ni wa kupuuza. Kobe hana shida ya upweke kama mbwa. Utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Mgeni naye huzunguka. Kobe aliyehamishwa huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, akikagua mipaka ya mahali papya. Hilo tulilitumia sana kumfariji rafiki yangu. “Atazoea tu,” tulimwambia Machi. Tukamwambia Aprili. Tukamwambia Mei.

Miguu ya nyuma

Mwezi Juni mwendo ulibadilika. Kipchoge aliacha kula karibu wiki nzima. Alikuwa akifika kona moja ya balkoni, ile iliyo na chungu cha maua cha mpangaji wa zamani, ananusa sakafu, anageuka, kisha anakwaruza vigae kwa miguu ya nyuma, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Dakika kumi, ishirini. Halafu anaenda kona ya pili na kurudia.

“Manze, amekuwa mtu wa ajabu,” rafiki yangu aliniambia kwa simu. “Usiku mzima anachimba vigae. Jirani wa chini amekuja kugonga mlango mara mbili.”

Nilimwambia ampeleke kwa daktari wa mifugo. Akanyamaza. Nilijua kinachomnyamazisha, nitakieleza hapo chini. Siku mbili baadaye alikubali, na Jumamosi asubuhi tukambeba ndani ya beseni hadi kwa daktari mmoja ambaye kliniki yake ina kiwanja kidogo nyuma.

Daktari alimgeuza taratibu, akatazama gamba la tumboni na mkia, akacheka. “Vijana, huyu mnamwita Kipchoge?” Dume la kobe huwa na gamba la tumboni lililobonyea na mkia mrefu zaidi. Huyu tumbo lake lilikuwa bapa, mkia mfupi. Picha ya eksirei ikamaliza maneno: ndani ya tumbo kulikuwa na mayai, yamepangana kama mipira ya ping-pong.

“Lakini amekaa peke yake tangu Machi,” rafiki yangu akasema.

Daktari alitufafanulia kwamba hilo si muujiza. Kobe jike anaweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu, hata miaka, na anaweza pia kutaga mayai yasiyo na uhai bila dume kabisa. Mayai yakikomaa, jike hutembea bila kutulia akitafuta udongo unaofaa. Hunusa, huchimba kidogo, huacha, hujaribu pengine. Akipata, hulainisha udongo kwa mkojo wake, huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga, kisha hufukia na kushindilia kwa gamba. Kwa kobe chui huwa mayai kati ya matano na thelathini.

Asipopata udongo, huendelea kuyabeba. Mayai yanaweza kukwama, kuharibika na kumuua.

Nilikumbuka status ile na wimbo wake. Mama wa watu alikuwa akitafuta mahali pa kutagia kwenye vigae vya orofa ya tatu, na sisi tunasema marathon iko karibu.

Swali ambalo hatukutaka kuliuliza

“Hili la mayai tutalitatua,” daktari akasema akivua glovu. “Kibali unacho?”

Hicho ndicho kilichomnyamazisha rafiki yangu kwenye simu. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013, kobe wetu wa asili ni mnyamapori kama twiga. Kumshika, kumnunua, kumuuza au kumweka nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) ni kosa, na adhabu zake si za mchezo. Haijalishi kwamba ulimnunua kwa huruma, au kwamba babu yako alikuwa naye uani miaka yote. Kobe chui yumo pia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Kobe wetu mwingine, yule bapa kama chapati anayeishi kwenye nyufa za mawe Ukambani na maeneo mengine makavu, alipandishwa hadi orodha ya kwanza mwaka wa 2019, ambayo inapiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini. Amefikia hapo kwa sababu watu wanamtoa mawemawe na kumuuza ng’ambo afugwe kwenye masanduku ya vioo. Jike lake kwa kawaida hutaga yai moja tu kwa mara moja. Ukiondoa majike wachache kwenye mwamba mmoja, pengo hilo halizibwi upesi.

Hapa ndipo mambo ya kuzunguka yanapopata maana nyingine kwetu Kenya. Ukisoma ushauri wa wafugaji wa Ulaya au Marekani, unaandikiwa kuhusu kobe ambao wengi wamezaliwa kwenye ufugaji. Wa kwetu mara nyingi ameokotwa. Alikuwa na njia zake, kichaka chake cha kulala, mahali anapojua maji hukaa baada ya mvua. Kobe chui anajulikana kwa uwezo wa kurudi alikotoka hata akihamishwa kilomita kadhaa. Unaweza kumpa taa, nyasi, maji na udongo, ukaziba kila pengo, na bado akatembea. Kwa kobe kama huyo, hakuna kifaa cha dukani kitakachomaliza safari.

Tena kuna hesabu ya miaka. Kobe chui anaweza kuishi miaka 50 na zaidi. Wewe una mkataba wa nyumba wa mwaka mmoja na kazi ya kandarasi ya miezi sita.

Rafiki yangu alikaa kwenye benchi la kliniki kama dakika kumi bila kusema kitu. Aliogopa, na mimi niliogopa kwa niaba yake. Kisha akapiga simu KWS na kueleza ukweli wote, barabara ya Kajiado, bei, balkoni, mayai. Aliulizwa maswali, akayajibu. Akaambiwa angoje hapohapo.

Tulingoja tangu saa tano asubuhi. Daktari alituruhusu kumweka Kipchoge kwenye kile kiwanja cha nyuma. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga udongo kwa miezi mitatu. Alitembea kando ya ua mara moja, akanusa, akapita, akarudi, akafika nyuma ya tangi la maji palipokuwa na udongo mwekundu wenye unyevu. Akageuka. Miguu ya nyuma ikaanza, wa kulia, wa kushoto. Safari hii udongo ulitoka.

Ilimchukua sehemu kubwa ya alasiri. Alitaga mayai tisa, akayafukia, akashindilia. Kisha akasogea hatua chache hadi kwenye nyasi, akaanza kula. Maafisa walipofika jioni, walimkuta amelala kivulini, miguu nje, shingo imenyooka. Sikuwa nimewahi kumwona ametulia hivyo.

Walimchukua pamoja na mayai, yakiwa yamepangwa kwenye boksi la udongo kwa uangalifu ili yasigeuzwe, kwa sababu yai la kobe likipinduliwa kiinitete kinaweza kufa. Rafiki yangu aliandikisha maelezo na kuondoka na beseni tupu.

Ukiwa na kobe leo

Kama una kobe anayezunguka, weka simu kando kwanza. Kaa umtazame nusu saa bila kumgusa. Anazunguka wapi, saa ngapi, anafuata nini, anamkimbia nani? Ziba anakoona nje. Pima joto pande zote mbili. Mpe udongo wa kina cha kutosha kuchimbika, sentimita 30 hivi. Mpe maji. Kama ameacha kula, amechubuka pua, macho yamevimba, anatoa kamasi, au anachimba kwa miguu ya nyuma bila kupumzika, hiyo ni safari ya kwa daktari, tena wiki hii.

Na kama hana kibali, usimpeleke Karura au kumwachia kando ya Thika Road ukidhani umemsaidia. Aliyekaa na watu anaweza kubeba maradhi hadi kwa kobe wa porini, na mahali asipopajua ataishia barabarani. Zungumza na KWS. Simu hiyo ni ngumu, sitakudanganya, lakini ni bora uipige wewe kabla hawajapigiwa na jirani wa chini.

Ukimkuta kobe anavuka barabara, mvushe upande aliokuwa akielekea. Mbebe chini, gamba likiwa sawa, usimpinduepindue. Akishtuka hukojoa, na sehemu kavu mkojo huo ndio akiba yake ya maji. Kisha endelea na safari yako. Usimpandishe matatu. Na ukiona kijana ameshika mmoja kando ya barabara, usinunue, hata kwa nia ya kumwokoa. Ukimnunua huyo, kesho kijana atarudi kichakani kutafuta mwingine.

Rafiki yangu hajachukua mnyama mwingine. Balkoni yake sasa ina ndoo nne za sukuma wiki, na zile mbao za fundi zinakinga udongo usimwagikie jirani. Video ile bado anayo. Aliondoa wimbo. Wiki iliyopita alinionyesha, tukaitazama hadi mwisho, sauti ya gamba ikigonga chuma ko, ko, ko.

“Tulikuwa tunamwambia kila mtu anafanya zoezi,” alisema. “Kumbe alikuwa anaomba udongo.”